Yangeyange na ng'ombe: yasemwayo na yaliyo kweli

Husemwa sana kwamba yangeyange wa ng'ombe, ndege mweupe wa malishoni, huandamana na ng'ombe ili awatoe kupe. Kwa kweli yeye huwala kupe mara chache tu. Chakula chake kikuu ni panzi, nyenje na nzi wanaofurumushwa majanini na kwato. Ukimtazama machungani utamwona akitembea ubavuni, karibu na mguu wa mbele au mdomo wa ng'ombe anayekula, kisha akidonoa chini, mara chache sana mgongoni. Huwafuata pia nyati na tembo, na hata trekta linalolima, ambalo kwa hakika halina kupe.

Wengine huamini kwamba binadamu ndiye aliyempeleka Amerika. Alionekana Amerika Kusini, pande za Suriname, mwishoni mwa karne ya 19, na wataalamu wanakubali kwamba alivuka Atlantiki kutoka Afrika kwa mabawa yake mwenyewe, huenda akisaidiwa na upepo. Hata hivyo hakustawi mara moja: ilifika miaka ya 1930 ndipo akaweka makazi ya kudumu. Florida alionekana mwaka 1941, na mwaka 1953 ikathibitishwa kwamba anazaliana huko. Upepo ungeweza kumfikisha, lakini kilichombakiza ni misitu kufyekwa na malisho ya ng'ombe kuenea. Dhana kwamba alipelekwa na binadamu ina ukweli Hawaii peke yake kati ya sehemu za Marekani, kwani huko aliletwa makusudi mwaka 1959 ili apunguze nzi waliosumbua mifugo.

Kuhusu nasaba, weupe wa manyoya umewapotosha wengi wakadhani kwamba ndege wote waitwao yangeyange ni ndugu wa karibu. Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyewapa viumbe majina ya kisayansi, alimwita yangeyange wa ng'ombe Ardea ibis mwaka 1758, baadaye ndege huyu akatengewa jenasi (kundi la spishi zenye undugu) yake, Bubulcus. Lakini uchunguzi wa DNA umeonyesha kwamba yu karibu zaidi na koikoi wakubwa wa jenasi Ardea kuliko yangeyange wadogo wenye mdomo mweusi, kwa hiyo orodha kadhaa za ndege zimemrudishia jina la Linnaeus. Tena, wataalamu wengi sasa huhesabu spishi mbili za yangeyange wa ng'ombe. Wa mashariki, kuanzia India hadi Australia, wakati wa kuzaliana hupata rangi ya machungwa hadi mashavuni na kooni. Wa Afrika huipata utosini, kifuani na mgongoni tu. Wale wa Amerika ni wa ukoo wa Afrika. Msimu wa kuzaliana ukipita, wote huwa weupe, na kuwatofautisha kwa macho huwa kazi ngumu.