Hofu ya kuumia tena: maana yake

Mchezaji amekatika ligamenti ya goti, yaani ukano unaoshikilia mifupa ya goti pamoja, amepasuliwa, amefanya mazoezi ya viungo miezi tisa na daktari amemruhusu. Siku ya kwanza uwanjani anakimbia vizuri akiwa peke yake. Ukija mpira wa kugombewa, mguu unasita. Anamwachia mpinzani, kisha anainama kulishika goti ambalo halimuumi hata kidogo.

Hiyo ndiyo hofu ya kuumia tena: woga unaobaki baada ya jeraha kupona, ubongo ukiendelea kukilinda kiungo kilichowahi kuumia. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Si kudeka, na inaniuma kila ninaposikia watu jukwaani wakimwita mchezaji wa namna hiyo mwoga.

Derrick Rose, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Chicago Bulls ya Marekani, alikatika ligamenti ya goti la kushoto Aprili 2012. Mwaka uliofuata madaktari walimruhusu kucheza, naye akasema bado hajawa tayari. Akakaa nje msimu wote, akasemwa sana. Mimi naona alikuwa na haki, kwa sababu mwili na moyo havina lazima ya kupona siku moja. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba baada ya upasuaji wa ligamenti hiyo, wachezaji 81 katika kila 100 walirudi kwenye michezo ya aina yoyote, lakini waliorudi kwenye mashindano walikuwa 55 tu. Hofu ni mojawapo ya sababu kubwa.

Tena hofu haikai kichwani tu. Mwenye hofu akiruka hutua amekakamaa, uzito ameutupia mguu ambao haukuumia, na mguu ule mwingine unazidi kudhoofu. Kwa hiyo kumwambia "jikaze, sahau" hakumsaidii. Kwanza aulizwe. Lipo dodoso la maswali 12 linalopima utayari wa moyo kurudi mchezoni kwa alama 0 hadi 100, lakini hata kocha wa mtaani asiye na dodoso anaweza kumuuliza: ni kitendo gani hasa unakiogopa?

Jibu lake ndilo linaloonyesha pa kuanzia. Kama ni kutua, aanze kuruka kutoka kwenye kingo fupi, atue kwa miguu miwili, siku nyingine kwa mguu mmoja. Kama ni kukabwa, acheze na mwenzake anayejua kutomgusa, baadaye amguse kidogo, mwisho wavaane kama kwenye mechi. Asipande hatua inayofuata mpaka ile ya kwanza aifanye bila kuifikiria.

Ila goti likivimba baada ya mazoezi, au likilegea ghafla, hiyo si hofu. Arudi kwa daktari kabla hajagusa mpira.