Nyungu ni nini hasa, na inafanya nini mwilini

Nyungu ni kule kujifukiza mvuke wa majani. Unachemsha majani kwenye sufuria, zamani ilikuwa chungu, unaipua, unakaa mbele yake umejifunika shuka zito au blanketi, unavuta ule mvuke taratibu mpaka jasho linakutiririka. Ndo hivyo tu, hamna uchawi wala siri ya mganga, ni mambo ya bibi na shangazi na majani yenyewe yanachumwa hapo hapo uani.

Majani gani? Inategemea nyumba ina nini. Wengi wanaweka mkaratusi, mpera, mlimau, mchaichai, mwarobaini na kivumbasi, wengine wanatupia na tangawizi ya kuponda. Tunaiita dawa ya asili ila cheki hii, mkaratusi asili yake Australia, mpera Amerika, mwarobaini bara Hindi, kwenye orodha hii kivumbasi ndo mwenyeji wa Afrika. Yaani bibi zetu walipokea mimea migeni, wakaijaribu mpaka wakajua upi unafungua pua, na kwangu mimi hiyo ni elimu kubwa ambayo hatuipi heshima yake.

Sasa kazi yake. Mvuke wa moto unalainisha kamasi iliyoganda, na mkaratusi una mafuta yanayopaa na ule mvuke, ndani yake kuna kitu kinaitwa sineoli, ndo ile harufu kali inayokufanya usikie pua imefunguka. Kwa hiyo kwa mafua na pua iliyoziba unapata nafuu, ya muda lakini ya kweli. Ila haiui virusi jamani. Virusi wanazaliana ndani ya seli zako, joto la kuwaua huko lingekuunguza wewe kwanza. Mwaka 2020 korona ilipoingia Tanzania nyungu ilivuma kila mtaa, hata Rais Magufuli aliihimiza, na wengi wakabaki wanaamini ni tiba kamili, na hapo ndo napata hofu kwa sababu mtu mwenye nimonia akishinda kwenye blanketi anachelewa hospitali.

Kinachoniuma zaidi ni watoto. Sufuria ikipinduka mtoto anaungua vibaya sana, mtoto mdogo usimfukize kabisa, hata umpakate. Mwenye pumu naye awe makini, mvuke na harufu kali vinaweza kumbana kifua zaidi, na mjamzito asijifungie kwenye joto lile.

Ukiamua kupiga nyungu, sufuria ikae chini palipo sawa, sio juu ya stuli, uso usiusogeze karibu, dakika tano mpaka kumi zinatosha. Na jiko la mkaa lenye moto usiliingize ndani ya blanketi hata iweje, hewa yake inaua bila hata kunuka. Ukiona unapumua kwa shida, kifua kinauma au homa haishuki, acha majani, nenda zahanati siku hiyo hiyo.