Rasilimali Huria za Elimu: Maana Yake kwa Mwalimu wa Darasani

Rasilimali huria za elimu ni zana za kufundishia na kujifunzia, ziwe vitabu, hadithi, picha, video, mazoezi au majaribio ya kompyuta, ambazo hakimiliki yake imekwisha muda, au mwenye hakimiliki ametoa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuzitumia bure, kuzinakili, kuzirekebisha na kuzisambaza bila kumwomba idhini upya. Istilahi hii ilianza kutumika Paris mwezi Julai 2002, katika mkutano ulioitishwa na UNESCO, mwaka mmoja baada ya chuo cha MIT cha Marekani kutangaza kwamba kitaweka masomo yake kwenye intaneti bila malipo. Mwaka 2019 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo rasmi kuhusu rasilimali hizo.

Neno la kushika hapo ni huria, wala si bure. Wengi wetu tumelizoea kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambako linahusu nafasi ya kujiunga na namna ya kusoma. Katika dhana hii linahusu ruhusa, na kitu kinaweza kuwa cha bure kabisa kisiwe huria. Chukua vitabu vya kiada ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka katika maktaba mtandao yake. Mwalimu au mwanafunzi mwenye simu janja anavisoma bila kulipa, na hiyo ni huduma kubwa sana pale ambapo kitabu kimoja kinagombewa na dawati zima. Hata hivyo, ukifungua kurasa za mwanzo unakuta ilani kwamba haki zote zimehifadhiwa, maana yake umeruhusiwa kusoma, lakini hujaruhusiwa kuchukua sura nzima, kuibadilisha na kuigawa kwa shule jirani. Tena hakimiliki haingoji ilani: mtu akitunga zoezi na kuliweka mtandaoni, haki ni yake tangu siku hiyo, hata kama hakuandika lolote chini ya ukurasa.

Tofauti hii inamgusa mwalimu kuliko msomaji mwingine yeyote, kwa sababu mwalimu hasomi tu. Anadurufu nakala za darasa zima, anatafsiri, anafupisha kifungu kirefu kiingie katika kipindi cha dakika 40, na katika swali la sehemu anaondoa tufaha ambalo wanafunzi wake hawajawahi kulimenya na kuweka chungwa. Mmarekani David Wiley ameziorodhesha ruhusa zinazokifanya kitu kiwe huria kuwa tano: kubaki na nakala yako, kuitumia, kuirekebisha, kuichanganya na nyingine, na kuisambaza. Ile ya kwanza ndiyo inayosahaulika, nami naiona kuwa ya msingi kwa shule zetu, kwa kuwa video inayotazamwa mtandaoni peke yake inakwisha pale bando linapokwisha.

Ruhusa hizo hutambuliwa kwa leseni, na zinazotumika zaidi ni za Creative Commons, shirika lililoanzishwa mwaka 2001. Chini ya ukurasa utaona herufi. CC BY inakuruhusu kufanya karibu lolote mradi umtaje mtunzi. Ikiongezwa SA, kazi uliyoirekebisha uitoe kwa leseni ileile. NC inakataza matumizi ya kibiashara, kwa hiyo usiitie kazi hiyo katika kijitabu utakachowauzia wanafunzi wa masomo ya ziada. ND inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, na tafsiri nayo ni mabadiliko. Kwa mwalimu anayetaka kulileta somo katika Kiswahili, leseni hiyo haina msaada mkubwa.

Mfano ninaoupenda ni African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, wenye hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, nyingi zikiwa na leseni ya CC BY. Kila ukurasa una picha na sentensi chache. Mwalimu wa Darasa la Pili anaweza kuifungua hadithi, kupunguza maneno yaliyowazidi kimo wanafunzi wake, kuhifadhi toleo lake na kulichapa. Kwa mafunzo ya walimu wenyewe upo mradi wa TESSA, unaoratibiwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, ambao baadhi ya moduli zake zimeandikwa kwa Kiswahili.

Katika sayansi, Chuo Kikuu cha Colorado kinatoa bure majaribio ya PhET, na mengi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Katika jaribio la saketi, mwanafunzi anaburuta betri, balbu na nyaya kwenye kioo cha kompyuta. Ncha ya mwisho inapoungana, vidoa vya buluu vinaanza kutembea ndani ya waya na balbu inawaka. Akiziunganisha ncha mbili za betri moja kwa waya bila balbu, moto unaonekana kwenye betri, na hakuna aliyeungua. Majaribio haya yanaweza kupakuliwa na kufunguliwa bila mtandao, na programu za Kolibri, yenye masomo na mazoezi, na Kiwix, inayofungua tovuti kama Wikipedia bila mtandao, zilibuniwa kwa hali hiyohiyo: zinapakuliwa pamoja na maudhui yake mara moja mahali penye mtandao, kisha zinatumika shuleni.

Leseni haithibitishi ubora. Zana inaweza kuwa huria na ikawa na kosa, au ikafundisha kwa mpangilio wa mtaala wa nchi nyingine. Kwa hiyo utafutaji uanze na muhtasari wa somo: andika umahiri unaotaka kuujenga, kisha utafute zana inayoufaa, uisome yote kabla ya kuiingiza katika andalio la somo. Ukitafuta picha kwenye Google, tumia kichujio cha haki za matumizi, halafu uhakiki leseni katika ukurasa wenyewe ilikotoka.

Mwisho wa karatasi ya wanafunzi andika jina la kazi, mtunzi, mahali ulipoipata na leseni yake, na kama umebadilisha kitu, useme: “Imefupishwa na kurekebishwa na mwalimu wa Darasa la Pili.”