Je, wajua kwa nini kondoo wa Moravian amebeba bendera?

"Kashinda ngapi?"

Aliyeuliza ni mtoto wa darasa la pili, Jumapili moja hapa Mbeya, nilipomaliza kuwasomea maneno ya nembo ya kanisa letu la Moravian: Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Wenzake waliangua kicheko. Mimi nilibaki nimeshika chaki, maana swali lake lilikuwa zuri kuliko somo nililoandaa.

Ukipita Rungwe, Tukuyu au mjini kwetu utaiona nembo hiyo: kondoo mweupe mwenye bendera ya msalaba. Wamisionari wa Moravian waliileta walipofika Unyakyusa kupitia Ziwa Nyasa mwaka 1891, mwaka uleule waliofika Walutheri wa Berlin. Lakini kanisa lenyewe ni la zamani zaidi. Mizizi yake iko Bohemia, katika nchi ya Czech ya leo, kwa wafuasi wa Jan Hus, padri aliyechomwa moto akiwa hai mwaka 1415 kwa sababu ya mafundisho yake. Waliounda umoja wao mwaka 1457 walijua vizuri maana ya kuchinjwa. Kwa hiyo kondoo wa kanisa lao hakuwa picha ya kupendeza ya kadi ya Pasaka.

Sasa, kondoo anashindaje? Mtoto wa huku anamjua kondoo kwa macho yake. Anajua mbuzi akishikwa anapiga kelele mtaa mzima, ila kondoo anatulia hata kisu kikiwa shingoni. Wahenga walisema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, na nabii Isaya, sura ya 53, anatumia picha hiyohiyo: kama mwanakondoo apelekwaye machinjoni, hakufunua kinywa chake. Hapo watoto wananielewa bila shida. Kinachowashinda ni huo ushindi.

Ndipo ninapowafungulia Ufunuo sura ya 5. Yohana analia kwa sababu hakuna anayestahili kukifungua kitabu. Anaambiwa asilie, Simba wa kabila la Yuda ameshinda. Anageuka kumtazama huyo Simba, anamwona Mwanakondoo amesimama, tena anaonekana kama aliyechinjwa. (Watoto wa Yanga hushangilia sana hapa, nami huwaacha dakika moja.) Nembo imetoka kwenye picha hiyo. Aliyechinjwa amesimama, na bendera ya msalaba ni ya ufufuo. Mchoraji angemlaza chini, habari ingekuwa nyingine.

Baada ya hapo huja neno gumu: ukombozi. Watu wazima tumeliimba mpaka limepoteza ladha, wakati ni neno la mtaani kabisa. Mtu akikwama msimu wa mbolea anaweka simu bondi. Akipata hela anaenda kuikomboa. Simu ilikuwa yake tangu mwanzo, ila iko mikononi mwa mwingine na bila malipo hairudi. Nikisema hivyo, hata anayesinzia nyuma anainua kichwa. Biblia nayo inaanzia huko huko kwenye mambo ya kawaida. Kutoka sura ya 13 inaagiza mzaliwa wa kwanza wa punda akombolewe kwa mwanakondoo. Punda anaishi, kondoo anakufa badala yake. Mtume Petro akiandika kwamba hatukukombolewa kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu kama ya mwanakondoo asiye na ila, wasomaji wake walikuwa wanaujua mfano huo.

Tatizo la mfano wa bondi ni kwamba watoto hawaachi kuuliza. "Mwalimu, hela alipewa nani? Shetani?" Usiwacheke. Origen, mwalimu wa kanisa wa karne ya 3, alielekea kujibu ndiyo. Askofu Gregori wa Nazianzo, karne iliyofuata, alikataa kabisa: mnyang'anyi alipwe fidia kubwa hivyo kwa haki gani? Anselm naye, mwanateolojia wa mwishoni mwa karne ya 11, akalieleza kama deni la heshima ambalo mwanadamu alishindwa kumlipa Mungu. Mimi huwaambia watoto kwamba mfano ni kama daraja la miti: unakuvusha, lakini usipitishe lori. Yesu alisema amekuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Hakutaja risiti ilikatwa kwa jina la nani.

Kuna jambo moja ambalo sipendi kulipita haraka. Nilipofundisha habari za Ibrahimu na Isaka, binti mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama baba yake naye anaweza kusikia sauti usiku. Tangu siku hiyo sisimulii habari ile na kuishia kwenye kisu. Naanza na sauti iliyomzuia Ibrahimu na yule kondoo mume aliyenaswa pembe kichakani, halafu narudi nyuma. Na msalabani nahakikisha wamesikia Yohana sura ya 10, Yesu anaposema hakuna anayemwondolea uhai wake, anautoa mwenyewe. Mtoto akibaki na picha ya baba mwenye hasira anayemchinja mwanawe, tumemfundisha vibaya, hata kama kila mstari tumeukariri sawasawa.

Yule wa "kashinda ngapi" nilimjibu alfajiri ya Pasaka. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walianza mwaka 1732 kwenda makaburini kabla jua halijachomoza siku hiyo, na desturi hiyo ilifika hadi kwetu. Tulisimama kwenye baridi, yeye na sweta lililomzidi mikono, karibu na kaburi la bibi yake. Kulipopambazuka watu wakaanza kuimba. Akanivuta koti: "Mwalimu, kumbe mechi yenyewe ilikuwa na hiki?" Alikuwa ananyoosha kidole kwenye kaburi.