LLM haikufanyi wakili: dhana potofu kuhusu njia za kusomea sheria

Miaka miwili iliyopita binti wa shangazi yangu alikuja nyumbani na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na cheti chake cha shahada ya uhasibu na barua ya kukubaliwa kusoma LLM, yaani shahada ya uzamili ya sheria, Uingereza. "Kaka, mwaka mmoja tu, nikirudi naapishwa uwakili." Niliisoma ile barua mara mbili, nikamwomba tukae kwanza.

Dhana: Ukishapata LLM, unaweza kuwa wakili hata kama shahada yako ya kwanza si ya sheria.

Hii ndiyo inayowagharimu watu fedha na miaka, na inaniuma kila ninapoisikia. Ni kweli vyuo kadhaa vya Uingereza huwapokea LLM watu waliosoma fani nyingine. Lakini LLM humzamisha mtu katika eneo moja, tuseme kodi au mafuta na gesi. Mikataba, jinai, ardhi, katiba na ushahidi hufundishwa kwenye LLB, shahada ya kwanza ya sheria. Hapa Tanzania, kabla ya kuapishwa unapitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ya Barabara ya Sam Nujoma iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na huko wanataka LLB. Binti yule angerudi na shahada mbili, na bado mlango ungekuwa umefungwa.

Dhana: Mwenye shahada nyingine ameshachelewa, LLB ni ya waliotoka kidato cha sita.

Si kweli. Kenya, shahada ya chuo kinachotambuliwa ni sifa mojawapo ya kuingilia LLB, sawa na wastani wa C+ katika mtihani wa sekondari wenye B ya Kiingereza au Kiswahili. Tanzania, Chuo Kikuu Huria kina LLB ambayo watu wanaisoma huku wanafanya kazi. Kwa maoni yangu, mhasibu anayeingia darasa la sheria ya kodi ana faida ambayo kijana wa miaka 19 hana.

Dhana: JD (Juris Doctor) ya Marekani ni udaktari, kwa hiyo iko juu ya LLB.

Jina ndilo linalopotosha. JD ni shahada ya kwanza ya sheria kwa Wamarekani, miaka 3 baada ya shahada ya fani nyingine yoyote. Australia wanazo zote mbili: Melbourne walihamia JD mwaka 2008, Sydney wanafundisha LLB na JD, na njia zote mbili zina masomo 11 yaleyale ya lazima kwa anayetaka uwakili. Ukiwa na LLB tayari, usiifuate JD kwa ajili ya kupanda cheo.

Dhana: Kama Uingereza inawezekana bila LLB, na huku itawezekana.

Tangu 2021, mwenye shahada yoyote anaweza kufanya SQE, mitihani ya kufuzu usolisita, na, akiwa na miaka 2 ya kazi za kisheria, kuwa solisita (aina ya wakili) wa Uingereza na Wales. Huo ni utaratibu wa kwao. Amua kwanza utafanya kazi nchi gani, kisha uliza wanaoapisha mawakili huko wanataka cheti gani.

Binti wa shangazi hakusafiri. Yuko mwaka wa pili wa LLB, mchana anashinda na vitabu vya hesabu ofisini, na juzi usiku wa manane alinipigia kuuliza kwa nini mkataba aliosaini mtoto wa miaka 16 haumfungi.