Glezi ya kaki: Shoji Hamada na jiwe la Mashiko

Shoji Hamada, mfinyanzi wa Japani, angeweza kutengeneza glezi (kioo kinachofunika vyombo vya udongo) ya aina yoyote aliyoitaka. Mwaka 1916 alihitimu katika chuo cha ufundi cha Tokyo, alikofundishwa na mfinyanzi Itaya Hazan, kisha akaungana na rafiki yake Kanjiro Kawai kwenye maabara ya kauri ya jiji la Kyoto. Kazi yao huko ilikuwa kusaga madini, kuyachanganya kwa vipimo, kuchoma vigae vya majaribio na kuandika matokeo. Michanganyiko waliyoipima inasemekana ilifika 10,000. Halafu mtu huyu akahamia kijiji cha Mashiko, na kwa zaidi ya miaka 50 akafanya kazi kwa glezi chache zinazohesabika kwa vidole. Ile inayomtambulisha kuliko zote, glezi ya kaki (jina la tunda, si rangi ya khaki), haina hata fomyula: ni jiwe la pale pale kijijini, lililosagwa na kutiwa maji.

Wanafunzi wangu wa ufinyanzi wakifika kwenye somo la glezi hutaka orodha ndefu za vipimo. Mimi huwaanzishia jiwe hili, kwa sababu ukilielewa vizuri umeelewa sehemu kubwa ya kemia ya glezi za moto mkali, na pia umeelewa uamuzi mmoja wa kisanaa ambao mimi nauheshimu kuliko uvumbuzi wa rangi mpya.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia karakana ya kauri: glezi ni lile tabaka la kioo linalofunika kikombe au sahani. Si rangi inayopakwa ikakauka. Ni unga wa mawe uliokorogwa na maji. Chombo huchovywa humo, hukaushwa, huingizwa tanurini, na moto ukiwa mkali unga huyeyuka ukashikamana na udongo. Lazima vitu vitatu vikutane. Silika ndiyo inayozaa kioo. Alumina hukifanya kioo kiwe kizito, kisitiririke hadi kwenye rafu ya tanuri. Na viyeyushi, kama potasiamu, sodiamu na kalsiamu, huisaidia silika iyeyuke, maana ikiwa peke yake ingehitaji zaidi ya nyuzi 1,700. Rangi hutokana na madini mengine yanayoongezwa au yaliyomo tayari: chuma, shaba, kobalti.

Jiwe la Mashiko limebeba vyote hivyo. Ni jiwe laini la asili ya volkano, la aina inayokatwa kwa ujenzi, na lina chuma kingi. Ukilisaga, ukachuja unga wake na kuuchoma kwenye nyuzi 1,250 hadi 1,300, unapata kioo cha kahawia inayoelekea wekundu, rangi ya tunda la kaki lililoiva sana, na ndiko jina lake lilikotoka. Wafinyanzi wa Mashiko walikuwa wakilitumia kabla Hamada hajafika. Kwao ilikuwa glezi ya mitungi na vyungu vya jikoni, rahisi na ya kutegemewa, na hakuna aliyeiona kuwa ni jambo la kujivunia.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu chuma ndicho chenye habari yote. Kikiwa kidogo ndani ya glezi, asilimia moja hadi tatu hivi, na tanuri likabanwa hewa, hutoa kijani kile cha seladoni ambacho Wachina na Wakorea walikipenda kwa karne nyingi. Kikifika asilimia nane au kumi, kioo hakiwezi tena kukificha. Moto ukiwa juu kabisa chuma chote huwa kimeyeyuka ndani, na glezi ikipoa haraka hubaki nyeusi au kahawia nzito inayong'aa. Lakini ikipoa polepole, na hewa ikiwepo, chuma kilichozidi huanza kujitoa kwenye kioo na kukusanyika juu ya uso wake kama chembechembe za hematiti, aina ya madini ya chuma, kama asali iliyokaa kabatini inavyotoa chembe za sukari. Hematiti ni nyekundu. Chembe hizo ni ndogo mno kuonekana kwa jicho, ila zikitandaa uso mzima hupunguza mng'ao na kuleta ule wekundu tulivu.

Kwa hiyo wekundu wa kaki hauzaliwi kwenye moto mkali. Unazaliwa wakati wa kupoa. Tanuri kubwa la Hamada lilikuwa la ngazi, vyumba vinane vilivyopanda mlima mmoja juu ya mwingine, likichomwa kwa kuni. Tofali nene za namna hiyo hushika joto kwa muda mrefu, na kitu kizito kama kile kikipoa, kinapoa taratibu. Jiwe, kuni na jengo lenyewe vilikuwa vimekwisha kupatana kabla ya msanii kuingia. Ukilichukua jiwe hilo hilo ukalichoma katika tanuri dogo la umeme linalopoa upesi, unaweza kutoa chombo cheusi kabisa na ukadhani umeuziwa unga wa bandia.

Safari iliyomfikisha Hamada Mashiko haikuwa fupi. Alizaliwa Kawasaki mwaka 1894. Mwaka 1918 alikutana na Bernard Leach, Mwingereza aliyekuwa akifanya ufinyanzi Japani, na mwaka 1920 wakasafiri pamoja hadi St Ives, mji wa pwani kusini-magharibi mwa Uingereza, wakafungua karakana na kujenga tanuri la ngazi. Hawakuwa na duka la kununulia malighafi waliyoizoea. Ilibidi watembee mashambani kutafuta udongo, kuni na mawe yanayofaa. Hamada alifanya maonyesho yake ya London mwaka 1923, na yalipokelewa vizuri, lakini kilichomgusa zaidi huko ni kijiji cha Ditchling, alikokutana na mfumaji Ethel Mairet na mafundi wengine waliochagua kuishi shamba na kula, kuvaa na kutumia vitu vilivyotengenezwa kwa mikono yao. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi la Kanto la mwaka 1923 alifunga safari kurudi nyumbani, na hakutaka tena kuishi mjini.

Mashiko iko katika mkoa wa Tochigi, kilomita kama 100 kaskazini mwa Tokyo. Ufinyanzi wake ulianzishwa mwaka 1853 na Keisaburo Otsuka, na soko lake kubwa lilikuwa majiko ya Tokyo. Udongo wake ni wa chengachenga, si wa kutengenezea kaure nyembamba. Mtu mwenye cheti cha Hamada kwenda kukaa pale lilikuwa jambo la kushangaza, na wenyeji hawakumkimbilia kwa shangwe. Alifanya kazi miongoni mwao kimya kimya, huku majira mengine akienda Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, kujifunza katika karakana za Tsuboya. Mwenyewe alizoea kusema kwamba njia yake aliipata Kyoto, akaianza Uingereza, akajifunza Okinawa, akakulia Mashiko.

Glezi ya kaki haikuwa pekee mkononi mwake. Alikuwa na nyeusi. Alikuwa na nyeupe ya maziwa itokanayo na majivu ya maganda ya mpunga, yenye silika tele. Na kijani kinachopatikana kwa kuitia ile nyeupe shaba kidogo. Baadaye akaongeza uchomaji wa chumvi, ambapo chumvi hutupwa ndani ya tanuri na mvuke wake ukaunda kioo juu ya udongo. Ila kwenye kaki ndipo mkono wake unaonekana wazi zaidi. Njia aliyoipenda ni hii: chombo hupewa tabaka la kwanza, kisha brashi yenye nta iliyoyeyushwa huchora juu yake, mara nyingi shina lenye majani machache lililotokana na miwa aliyoiona Okinawa. Halafu tabaka la pili humiminwa. Nta hulikataa. Baada ya moto, pale palipochorwa pana tabaka moja na pengine pana mawili, na tofauti hiyo ya unene peke yake ndiyo inayotoa vivuli viwili vya rangi ile ile. Jiwe moja, unene wa namna mbili, na mchoro umekamilika.

Njia ya pili ni ya upawa. Kwenye sahani pana iliyokwisha kupewa glezi, Hamada alichota glezi ya rangi nyingine na kuimwaga kwa mkono unaopita hewani, mara moja, bila kurudia. Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu mgeni aliyeshangaa kwamba kazi ya sekunde 15 inauzwa ghali vile. Hamada akamjibu kwamba ni sekunde 15 pamoja na miaka 60. Wengi huitaja kauli hiyo kama utetezi wa bei. Mimi naisikia kama maelezo ya kiufundi kabisa: mmwago wa upawa haufutiki, glezi hunyonywa na chombo papo hapo, na mkono ukisita alama ya kusita inaingia motoni na kubaki milele. Ndiyo maana alihitaji vitu vichache. Mtu anayebadilisha glezi kila mwezi hawezi kujua uzito wake kwenye upawa, wala jinsi inavyokatika ukingoni.

Pamoja na Kawai na mwanafalsafa Soetsu Yanagi, Hamada alianzisha katikati ya miaka ya 1920 vuguvugu la mingei, lililotetea uzuri wa vyombo vya watu wa kawaida. Jumba lao la makumbusho lilifunguliwa Tokyo mwaka 1936, na Yanagi alipofariki mwaka 1961 Hamada ndiye aliyelisimamia. Kwa imani hiyo aliacha kupiga mhuri wake kwenye vyombo baada ya kutoka St Ives. Wakosoaji wamesema, na wana hoja, kwamba ni vigumu kuitwa fundi asiye na jina wakati serikali imekutangaza kuwa Hazina Hai ya Taifa, kama ilivyomtangaza mwaka 1955, na kukupa Nishani ya Utamaduni mwaka 1968. Mvutano huo haukuisha maishani mwake. Lakini kwenye kaki naona aliutatua kwa vitendo: glezi ilikuwa ya kijiji kizima, naye hakuificha wala kuidai kuwa yake.

Alifariki Mashiko tarehe 5 Januari 1978, mwaka mmoja tu baada ya kuyafungua makazi yake kama makumbusho. Tetemeko la 2011 lilibomoa sehemu ya tanuri lake kubwa. Wafinyanzi wa eneo hilo walilijenga upya na mwaka 2015 wakaliwasha tena.

Uzi wake umefika hata kwetu. Mwaka ule wa 1923, Hamada akiwa bado St Ives, Leach alimpokea mwanafunzi aitwaye Michael Cardew. Cardew ndiye aliyekuja kuanzisha kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria, na katika miaka ya 1970 Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, akaenda kujifunza huko. Odundo hatumii glezi kabisa. Anasugua udongo hadi ung'ae. Hata hivyo tazama rangi zake mbili: chungu kikipata hewa motoni hutoka na rangi ya machungwa, kikibanwa hewa hutoka cheusi. Ni chuma kile kile, na sheria ile ile.

Kwa wafinyanzi wanaotaka kujaribu: Bonde la Ufa limejaa mawe ya volkano, na vumbi la machimbo ya mawe ya kujengea hupatikana kwa bei ndogo au bure. Lichuje kwa chekeche laini, likoroge na maji hadi liwe kama maziwa mazito, kisha paka kigae kilichochomwa mara moja kwa unene wa namna tatu. Kisimamishe juu ya kipande cha kigae kingine ili glezi ikitiririka isiharibu rafu. Usipoona kuyeyuka, ongeza majivu ya kuni yaliyochujwa, sehemu moja kwa tisa, kisha moja kwa nne. Ikitiririka, ongeza kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea kaure. Ikitoka nyeusi, usiibadilishe bado. Ichome tena na upunguze kasi ya kupoa kati ya nyuzi 1,000 na 900. Na kazi yote ya kusaga ifanyike unga ukiwa umelowa, au uvae barakoa ya kuzuia vumbi, kwa sababu vumbi la silika likiingia kwenye mapafu halitoki.