Ile nusu saa baada ya farasi kukataa

Huu ni mwaka wa kumi na nne nikifundisha farasi. Wengi huniletea wale waliomaliza mashindano ya mbio pale Ngong, Nairobi, wakiwa na miaka mitano au sita, na walichofundishwa tangu udogoni ni kukimbia tu. Kazi yangu ni kuwafundisha kusimama, kusikiliza, na kumbeba mtoto bila papara. Watu hudhani farasi huharibika siku anapomwangusha mtu au kukata kamba. Kwa niliyoyaona mimi, huharibika katika ile nusu saa inayofuata, mwalimu anapong'ang'ana kurudisha alichopoteza.

Nitamtolea mfano farasi jike mmoja, tumwite Zuhura. Kwa wiki sita nilimzoesha kupanda lori. Akiweka mguu mmoja kwenye ubao wa kupandia, namlegezea kamba. Akiweka wa pili, namlegezea tena. Mwishowe akawa anaingia mwenyewe na kuanza kutafuna nyasi nilizomning'inizia ndani. Mwenye farasi akapanga siku ya kuja kumchukua. Siku hiyo, saa sita mchana, kwato ya kwanza ilipogusa tu ubao, upepo ukabamiza mlango wa pembeni. Zuhura akarudi kinyumenyume kwa kishindo, akasimama kwa miguu ya nyuma, na kamba ikanichuna kiganja.

Mpaka hapo hapakuwa na neno. Kosa nililifanya baadaye. Mwenye farasi alikuwa ananitazama, dereva naye ananitazama, na kazi ya wiki sita imemwagika mbele yao. Nikajiapiza kwamba ataingia leo hii hii. Nikamvuta, akanyanyuka. Nikamvuta tena, akanyanyuka juu zaidi. Saisi wetu, yaani mtunza farasi, mzee aliyeishi nao tangu kabla sijazaliwa, akanisogelea akasema kwa upole, "Mwanangu, mrudishe mnyama akanywe maji." Sikumsikiliza. Tulivutana saa moja na nusu.

Sasa angalia nilichokifanya. Farasi hajifunzi unapovuta, hujifunza unapoachia. Lile alilokuwa akilifanya kamba ilipolegea ndilo analolichukua kuwa jibu. Na kila Zuhura alipopanda hewani, kamba ililegea, maana hakuna mkono wa binadamu unaoweza kushikilia karibu kilo mia tano. Kwa wiki sita nilimlegezea akija mbele, kisha kwa saa moja na nusu nikamlegezea akisimama kwa miguu miwili. Kesho yake alinyanyuka kabla hata hatujafika kwenye lori.

Kuna na jambo jingine, nalo ni mwili wa mwalimu mwenyewe. Ukivunjika moyo, mabega hupanda, pumzi huishia kifuani, vidole hukaza kamba, na yote hayo farasi anayaona. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mjini Berlin, alikuwepo farasi aliyeitwa Hans, aliyesifika kwamba anajua hesabu. Aliulizwa swali, akagonga kwato chini mpaka kwenye jibu. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst akabaini siri yake: alikuwa akimtazama muulizaji, ambaye kichwa chake kilitikisika kidogo mno, bila mwenyewe kujua, hesabu ilipofika panapotakiwa. Muulizaji asipojua jibu, Hans naye alikosea. Mnyama anayeona mtikisiko ule atashindwaje kuona taya ulilolikaza?

Sisemi usiumie. Mimi huumia, na siku ile nilikaa nyuma ya ghala la chakula mpaka giza likaingia. Ila siku hizi siumii nikiwa nimeshika kamba. Jambo likiharibika, namwomba farasi kitu kidogo anachokijua vizuri, kama kurudi hatua moja au kushusha kichwa. Akikifanya nalegeza, nampapasa shingoni, tunaondoka. Mwenye farasi akiuliza, namwambia wazi kwamba leo basi. Wengine hukasirika, nami nawaelewa, kwa sababu wanalipa kila mwezi.

Kabla ya kumwita mkaidi, namkagua. Napitisha kiganja mgongoni mahali tandiko linapokaa, na akishtuka au kukunja ngozi najua pana maumivu. Naangalia meno, maana jino dogo lililo karibu na lijamu, kile chuma cha mdomoni, linaweza kumtesa kimyakimya. Naangalia kwato. Kwa hawa wa mbio nauliza sana habari za tumbo: tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, ale asile, kwa hiyo aliyezoeshwa nafaka nyingi na nyasi chache mara nyingi huwa na vidonda ndani. Farasi wa namna hiyo ukimkaza mkanda wa tandiko atakung'ata, na wewe utadhani ana tabia mbaya.

Zuhura hakuwa na maumivu. Nilipopitia daftari langu ndipo nikaona kwamba masomo yote ya lori niliyafanya asubuhi, chini ya miti. Macho ya farasi huchelewa kuliko yetu kuzoea giza akitoka mwangani. Jua la saa sita lilipokuwa limemulika ubao, ndani ya lori kwake palikuwa shimo jeusi, na shimo lenyewe likapiga kelele.

Tukaanza upya, mbali kabisa na lori. Siku nne tulikanyaga ubao uliolazwa chini kwenye nyasi. Kisha tukausogeza. Milango nikaifunga kwa kamba, na mbele nikaacha wazi mwanga upite. Katika wiki ya tatu, mchana wa jua kali, alisimama akinusa vumbi la sakafu, sikio moja mbele, jingine kwangu. Nilisubiri. Akatoa pumzi ndefu iliyotikisa mianzi ya pua, akaweka mguu mmoja, ubao ukalia, akaweka wa pili, akaingia mpaka kwenye nyasi. Mlango sikuufunga. Nilimwacha atafune mafunda matatu, nikamtoa polepole.

Saisi alikuwa kwenye kivuli, ndoo iko mguuni. "Haya, mlete anywe maji," akasema.